Ng'ombe wa Kwenye Simu

SEHEMU YA 1: NILIVYOMPENDA

Wamama wenzangu, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona. Nesi wenu nimerudi.

Najua niliahidi wiki hii tuongee kuhusu homa za watoto usiku. Tutaongea, msijali. Ila kuna jambo nimelibeba kifuani tangu mwaka juzi na leo nalitua. Desemba inakaribia, vikoba vinavunjwa, watu wana hela mkononi, na zile posti za mitamba ya bei poa zimeanza tena kwenye makundi ya wafugaji. Nikinyamaza na safari hii, nitakuwa nimekosea mara mbili.

Nilitapeliwa. Mimi nesi wa miaka 12 kazini, ninayewaambia kila siku msimpe mtoto dawa kabla hajapimwa, nilimlipia ng'ombe ambaye sikuwahi kumuona kwa macho.

Ngoja nianze mwanzo. Tunaishi Morogoro, nje kidogo ya mji, tuna watoto 3. Maziwa tulikuwa tunanunua lita 2 kwa siku, lita moja 1,500. Piga hesabu: 90,000 kwa mwezi, na siku nyingine maziwa yenyewe yamezidishwa maji mpaka mtoto anauliza, "Mama, haya ni maziwa au uji?" Baba watoto ni fundi seremala. Akasema, "Wewe tafuta ng'ombe, mimi nitajenga banda." Na kweli, ndani ya wiki 2 banda likasimama: sakafu ya zege, hori la mbao, bati 6 mpya.

Kikoba chetu kilipovunjwa nilipata 1,150,000, nikaongeza na akiba kidogo. Nikaanza kupekua mtandaoni usiku baada ya zamu, miguu nimeiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ndipo nikamuona. Mweusi na mweupe, amesimama kwenye majani mabichi, ana alama nyeupe kwenye paji la uso kama pembetatu, kiwele kimejaa hasa. Maandishi yalisema: mtamba, mimba ya miezi 5, mama yake anatoa lita 20 kwa siku, yuko Njombe, bei 1,400,000, maongezi yapo, usafiri juu ya muuzaji.

Njombe kuna baridi na kuna ng'ombe wazuri wa maziwa, hilo kila mtu analijua. Bei ilikuwa chini ya zile nilizokuwa nimeulizia, lakini si chini sana kiasi cha kunishtua. Nikamwandikia inboksi. Akajibu baada ya dakika 2: "Shikamoo mama." Jamani, ile shikamoo! Nikajisemea, huyu kijana kalelewa.

SEHEMU YA 2: HELA ILIVYOTOKA

Mnaonijua mnajua si mtu wa kutoa hela ovyo. Sokoni nabishania hata 200 ya nyanya. Kwa hiyo msidhani kuna siku nilikaa nikatuma laki 8. Zilitoka kidogo kidogo, na kila mara kulikuwa na sababu inayoeleweka.

Kwanza akasema kuna mteja wa Iringa anamtaka ng'ombe yule yule na atakuja kesho asubuhi. Nikitoa kishika uchumba, ananishikia. Nikatuma 400,000. Simu ilipoleta jina kabla sijaweka namba ya siri, likaja jina la mwanamke. Nikamuuliza. Akasema laini yake imefungiwa, hiyo ni ya mke wake. Nikabonyeza. Wamama, hapo ndipo nilipaswa kusimama. Mtoto akiletwa kliniki na kadi yenye jina la mtoto mwingine, simchanji mpaka nijue kadi ni ya nani. Ila hela yangu niliituma kwa jina nisilolijua.

Kesho yake akasema inahitajika hela ya kibali cha kusafirisha mifugo, 85,000. Hicho kibali kipo kweli. Mifugo haitoki wilaya moja kwenda nyingine bila kibali cha afisa mifugo wa kule inakotoka. Nikauliza kwa jirani, akasema ndiyo, kibali ni lazima. Basi nikaridhika. Tapeli mzuri hakudanganyi kila kitu, anachanganya uongo na ukweli kama yule muuza maziwa wetu na maji yake. Nikatuma.

Halafu 60,000 ya daktari wa mifugo kumchanja kabla ya safari. Nesi nitabishaje chanjo? Nikatuma.

Siku ya tatu, saa 4 usiku, nikiwa zamu, akapiga kwamba gari imezuiliwa Makambako. Simu akapewa mtu mwingine mwenye sauti nzito, akajitambulisha kuwa ni afisa wa kizuizi. Akasema ng'ombe amechoka, ana mimba, akilala chini ya gari usiku kucha atatupa mimba. Faini 250,000 ilipwe sasa hivi. Nyuma yake nasikia ng'ombe analia. Hapo nilikuwa na mama mmoja anasukuma chumba cha pili. Nikatuma kwa mkono mmoja, nikarudi kuvaa glovu.

Jumla 795,000.

Asubuhi akaomba 180,000 ya mafuta ya gari. Nikiwa nasoma ujumbe, dada mmoja tuliyekuwa naye zamu akachungulia skrini akauliza, "Hivi usafiri si ulikuwa juu yake?" Nikahisi baridi kuanzia mgongoni. Nikamwandikia yule kijana: nitumie video ya ng'ombe sasa hivi. Akasoma. Hakujibu. Baada ya nusu saa nimefungiwa, namba haipatikani, na ile profaili haionekani tena.

SEHEMU YA 3: NILIVYONYAMAZA

Hii sehemu ndiyo ngumu kuandika kuliko hizo zingine.

Sikumwambia baba watoto. Nilirudi nyumbani nikamkuta anamalizia mlango wa banda, ameutia na rangi ya kijani. Akauliza, "Mgeni wetu kafika wapi?" Nikasema, "Daktari kasema mimba ni changa, asisafirishwe kwanza." Uongo ukatoka laini kabisa.

Kwa nini sikusema? Aibu. Mtaani mimi ndiye wa kuulizwa. Anayetaka kujua dawa, anayetaka kusomewa barua ya benki, anayetaka ushauri wa mkopo, wote wanakuja kwangu. Nikawaza watakavyosema: nesi mzima, msomi, kanunua picha. Polisi sikwenda. Kampuni ya simu sikupiga. Nikafuta zile meseji zote ili mtu asizione, na kwa kuzifuta nikawa nimefuta na ushahidi wangu mwenyewe.

Banda likakaa tupu. Majirani wakiuliza nacheka. Watoto wakalifanya la kuchezea kombolela. Usiku nikiliangalia kupitia dirishani nasikia tumbo linakata.

Ikapita miezi 3. Siku moja kliniki akaja mama mmoja na mtoto wa wiki 6. (Nimemuomba ruhusa kuandika hili, akasema, "Andika dada, labda litasaidia.") Mtoto uzito ulikuwa mzuri, lakini mama mwenyewe hakuwa sawa. Halali, hali, maziwa yanapungua. Nikafunga pazia, nikamuuliza taratibu, nyumbani kuna nini? Akalia kwanza. Kisha akasema amepoteza hela ya mandazi ya mwaka mzima, mume hajui, na akijua hajui itakuwaje. Akatoa simu anionyeshe.

Ng'ombe mweusi na mweupe, majani mabichi, pembetatu nyeupe kwenye paji la uso.

Namba ilikuwa tofauti, jina la kijana tofauti, mkoa wameandika Arusha. Ila ng'ombe ni yule yule. Tena huyu mama alikuwa mwanachama wa kundi lile lile nililokuwemo mimi. Kama ningeandika mistari 4 tu kwenye lile kundi siku ile nilipofungiwa, "Huyu ng'ombe ni wa kitapeli, mimi yamenikuta," angeiona. Nilikuwa nimelinda jina langu kwa hela ya mandazi ya mzazi mwenye kichanga.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hata mimi." Akaninyamazia, akaniangalia, kisha akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Mchana ule tulikwenda wote kituo cha polisi kuandikisha. Jioni nikamwambia baba watoto, nimesimama, sijavua hata sare.

Hakupiga kelele. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Hela inauma. Lakini miezi 3 nimekuwa nakuona unakonda, nikadhani unaumwa na unanificha." Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Ungesema usiku ule ule, tungepiga simu huduma kwa wateja hela ikiwa bado haijatolewa."

Na ni kweli. Ukitapeliwa, saa ya kwanza ndiyo saa ya maana. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako papo hapo, waombe wazuie muamala. Kama tapeli hajaitoa, kuna nafasi. Nenda polisi ukaandikishe upewe RB, uwapelekee meseji na namba za miamala. Usifute chochote. Piga picha ya skrini ya ile profaili kabla haijapotea. Namba ya tapeli iripoti TCRA kupitia 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, utapeli huu ni kosa na si "uzembe wako". Halafu andika kwenye kundi. Andika hata kama mkono unatetemeka.

SEHEMU YA 4: SASA NANUNUAJE

Hela yangu haikurudi, nisiwadanganye. Ila mwaka uliofuata tulinunua ng'ombe, wa kweli, anakula na kunya na kutusumbua. Haya ndiyo tuliyofanya, chukueni yatakayowafaa, iwe ni ng'ombe, mbuzi wa maziwa au kuku 50.

Hatukulipa hata shilingi kabla ya kumshika mnyama. Mtandaoni unatafuta, huko bandani ndiko unanunua. Nauli ya kwenda kumuona inauma, lakini ni ndogo kuliko kishika uchumba. Kama ni mbali, mtume ndugu au rafiki unayemwamini aliye karibu. Kama huna mtu huko, basi huyo ng'ombe si wako, tafuta wa karibu.

Kabla ya safari tuliomba video, tena siyo ya kurekodi. Baba watoto alimpigia muuzaji simu ya video akamwambia, "Chukua jani la mgomba uliweke mgongoni mwa ng'ombe nione." Mzee wa watu akacheka, akaliweka. Mwenye ng'ombe hawezi kukasirikia hilo. Mwenye picha ya ng'ombe ndiye atakwambia bando limeisha.

Angalia mabaka. Mabaka ya ng'ombe mweusi na mweupe hayafanani kati ya mmoja na mwingine na hayabadiliki akikua, kwa hiyo ulinganishe picha na video na ng'ombe mwenyewe. Unaweza pia kuitafuta picha kwa Google Lens uone kama imeshawahi kutumika kwingine.

Na hili limenichekesha mpaka nikataka kulia. Nilipomuonyesha afisa mifugo wa kata yetu ile picha ya zamani, aliangalia sekunde 5 akasema, "Huyu si mtamba." Mtamba ni jike ambaye hajazaa bado. Mwenye mimba ya miezi 5 hawezi kuwa na kiwele kilichojaa na kuning'inia vile, huyo ni ng'ombe anayekamuliwa. Mimi ninayewaambia wajawazito jinsi matiti yanavyobadilika sikuliona hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshapenda.

Mtaalamu ampime kabla hujalipa. Mimba ya ng'ombe ni miezi 9 na kitu, na daktari wa mifugo anaweza kuthibitisha kwa kumpima kwa mkono kama ipo na ni ya muda gani. Omba pia achukuliwe damu kupima brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Hapa naongea kama nesi sasa: brusela inaingia kwa watu kupitia maziwa mabichi, na kwa kushika kondo la nyuma au mimba iliyotoka bila glovu. Mtu anapata homa zinazokuja na kuondoka, jasho usiku, viungo vinauma, anatibiwa malaria kila wiki na haponi. Kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba. Kwa hiyo kuna utapeli wa kuuziwa ng'ombe asiyekuwepo, na kuna wa kuuziwa aliyepo lakini mgonjwa. Na hata akipimwa akawa mzima, maziwa chemsha. Hilo siachi kusema.

Jina la muuzaji, jina la kitambulisho na jina linalotokea kwenye simu yafanane. Yasipofanana, usibonyeze. Sisi tulilipia ofisi ya mtendaji wa kijiji, mbele ya mashahidi, tukaandikishana hati ya mauziano: rangi, alama, umri, bei, sahihi na namba za simu. Kibali cha kusafirisha tulikifuata wenyewe kwa afisa mifugo wa kule, tukapewa stakabadhi mkononi. Hatukumtumia mtu hela atukatie.

Na ukiambiwa "sasa hivi, kuna mteja mwingine", mwache huyo mteja mwingine achukue. Labour ndiyo haisubiri. Ng'ombe anasubiri.

SEHEMU YA 5: NA UKIUZA JE?

Msidhani ni wanunuzi tu wanaolizwa. Ng'ombe wetu alizaa dume, tukaamua kumuuza akiwa na miezi 8. Nikaweka picha mtandaoni. Siku ile ile akapiga mtu, hakuuliza umri, hakuuliza uzito, hakuomba kupunguziwa. Nikajua. Mnunuzi gani wa Kitanzania asiyeomba kupunguziwa?

Akasema ametuma hela yote, kijana wake anakuja na pikipiki ya miguu mitatu kuchukua. Ujumbe ukaingia kweli, "Umepokea 450,000". Nikauangalia vizuri: umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, haukutoka kwa jina la kampuni. Nikaangalia salio, halijaongezeka hata mia. Dakika 10 baadaye akapiga tena, ati amekosea amezidisha, nimrudishie 100,000. Wote tunazijua zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Hii ni ndugu yake, ila imevaa kwato.

Safari hii sikunyamaza. Nilimpigia baba watoto, nikaandika kwenye kundi namba na maneno yake yote, nikaripoti 15040. Kabla ya magharibi watu 2 walinijibu kwamba wamepigiwa na namba hiyo hiyo na walikuwa njiani kumkabidhi mbuzi.

Ukiuza, mnyama hatoki mpaka salio limeongezeka na umeliona mwenyewe. Usiamini meseji, amini salio. Usimtumie mtu picha ya kitambulisho chako. Na mara moja moja bonyeza *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, maana hawa watu wanapenda kutumia majina ya wengine. Huenda hata yule mwanamke niliyemtumia laki 4 hajui mpaka leo kwamba jina lake lilinitapeli.

Yule mama wa mandazi yuko salama. Alimwambia mume wake, wakagombana wiki, wakapatana. Maziwa yalirudi, mtoto sasa anatembea. Juzi alipita nyumbani, mwanangu wa pili akampa lita moja kwenye chupa, akasema, "Mama kasema chemsha kwanza."

Kama na wewe yamekukuta, na umefunga mdomo kama nilivyofunga mimi, anza na mtu mmoja leo. Mume, dada, shoga yako, hata mimi inboksi. Halafu ile namba na ile picha, ziweke hapa chini kwenye komenti, sura za watu msiweke. Hujui ni nani saa hizi ana mtoto mgongoni na simu mkononi, anataka kubonyeza.

Wiki ijayo: homa za usiku. Safari hii kweli.